Musikate michoro kwenye makaye ya marehemu

Kaka wa Kamalondo, pole sana kwa msiba. Umeuliza kama muuze michoro ya mjomba, sababu mnunuzi anataka michoro tu, mashairi mubaki nayo, na kwa kuwa vyote viko ndani ya makaye (madaftari) yale yale anasema atakata kurasa vizuri kwa wembe. Mimi nakuambia hapana, musikubali hata akiongeza feza.

Makaye ya papa mkubwa yangu ni mimi niliyapanga. Alikuwa mwalimu, mchana anafundisha, usiku anaandika, na mkono wake haukutenganisha hivi viwili, mstari wa shairi unaanza maneno unaishia shingo ya ndege. Kuna mchoro wake mmoja wa soko tupu, hauna tarehe hauna jina, lakini nyuma ya karatasi ile ile kuna shairi la maombolezo lenye mwezi na mwaka, ndipo tukaelewa ile soko iko tupu kwa nini. Ungekatwa na kuuzwa, basi, soko tu.

Angalia ya Kafka, yule mwandishi wa Prague, naye alikuwa anachora. Alimwambia rafiki yake Max Brod achome makaratasi yote, Brod akakataa, mwaka 1939 akakimbia Prague nayo, bila yeye mengi ya Kafka yangepotea. Lakini huyo huyo Brod alikata michoro kandokando ya makaye ya Kafka ya masomo ya sheria. Mingi ikalala miaka kwenye benki Zurich, ikafika Maktaba ya Taifa ya Israeli 2019. Kipande kilichokatwa hakikuambii mtu alikuwa anasikiliza somo gani wakati anachora. Na hapa kwetu Kongo, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alipochora historia ya nchi miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alirekodi mazungumzo yao kwa Kiswahili, picha moja moja, ndiyo maana leo mchoro na sauti ya mchoraji vinakwenda pamoja. Hiyo ndiyo ninawatakia nyinyi.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugusa mpangilio piga foto ya sanduku jinsi lilivyo, maana hata karatasi iliyochomekwa katikati ya kaye aliiweka yeye. Andika namba kwa kreyo (penseli) laini kwenye kona, stilo ya wino hapana. Pini na vibanio vyenye kutu toa polepole. Skochi usibandike kabisa, gundi yake inageuka njano na kula karatasi, na kuplastifie, yaani kuifunga karatasi ndani ya plastiki kwa moto, ndiyo mbaya kuliko yote kwa sababu haifunguki tena. Magazeti aliyoyakata tenga kwa karatasi nyeupe nzuri, asidi yake inachafua jirani. Michoro ya makaa usiiweke kwenye plastiki, ule unga unavutwa na kubandukana, funika karatasi laini juu bila kusugua. Halafu sanduku lisikae chini sakafuni, na liwe mbali na ukuta wa nje, mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinaleta ukungu, na mchwa haombi ruhusa. Piga foto kila ukurasa kwa mwanga wa dirisha, bila flashi, mbele na nyuma, hata ule mtupu, na jina la foto liwe namba ile ile ya kreyo. Kopi moja ikae nyumba nyingine.

Mukiamua kuyapeleka mahali, museum au chuo, andikeni mkataba: yanabaki pamoja, familia inapata kopi. Na mujue kutoa makaratasi siyo kutoa haki za kuyachapisha, kwa sheria yetu ya 1986 haki hizo zinabaki kwa warithi miaka 50 baada ya kifo, msizisaini bila kusoma.

Kama kuna kurasa zimeshikana kwa maji, usizivute na usizianike juani. Ziache zikauke kivulini penye hewa, halafu tuma foto hapa tuone.