PSA 5.8: siku tisa nilizojizika kabla ya kumwona daktari

Karatasi ya maabara ilisomeka PSA 5.8, kipimo cha damu cha tezi dume, na pembeni yake kinyota kidogo, alama ya kwamba kiwango kimezidi. Kinyota kile ndicho kilichonimaliza. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikarudi nyumbani nikiwa nimeshajizika. Siku tisa sikumwambia mke wangu. Usiku najifanya nimelala, kumbe nipo na simu chini ya shuka nasoma habari za watu wasiolingana nami kwa umri wala kwa hali. Siku ya kumi nilishindwa, nikamwonyesha. Aliisoma, akaniuliza, "Daktari kasemaje?" Sikuwa nimemwona daktari.

Ningeambiwa hili mapema ningelala: PSA haipimi saratani. Ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au mgonjwa, na chochote kinachoichokoza tezi kinaweza kuipandisha. Tezi kutanuka kwa umri, maambukizi ya njia ya mkojo, kuwekewa mpira wa mkojo, kuendesha baiskeli mwendo mrefu, hata tendo la ndoa ndani ya siku mbili kabla ya kutoa damu. (Haya mawili ya mwisho hakuna aliyeniuliza, na yote mawili yalinihusu.) Kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 wanaochukuliwa kinyama (kipande kidogo cha tezi cha kupimwa maabara), takriban mmoja kwa kila wanne ndiye hukutwa na saratani. Mimi nilishajiweka kwa huyo mmoja bila kuulizwa.

Daktari alisema turudie baada ya wiki sita. Nilikasirika, nikaona ananipotezea muda. Leo ningekushauri uombe hivyo hivyo, tena maabara ile ile, maana vifaa havilingani. Yangu ilirudi 4.7. Imeshuka, ila bado iko juu.

Ndipo nikajifunza kuuliza. PSA huru, yaani ile isiyoshikamana na protini nyingine kwenye damu, ni asilimia ngapi? Ikiwa ndogo, hasa chini ya 10, wasiwasi unaongezeka. Ikizidi 25 unapungua. Yangu 18, wala huku wala kule. Kipimo cha kidole, daktari akipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, nilichokiogopa kuliko vyote, hakikumaliza hata dakika moja. Kisha emarai (MRI, picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), ambayo husomwa kwa alama 1 hadi 5, 5 ikiwa ya kutiliwa shaka zaidi, na siku hizi wengi hufanyiwa kabla ya kuchomwa sindano za kuchukua kinyama. Nikapata 2. Tezi yenyewe ilikuwa na ujazo wa mililita 60, na daktari akaligawa lile 4.7 kwa 60 mbele yangu: karibu 0.08. Kikomo wanachokitazama wengi ni 0.15, ukikizidi wasiwasi unaongezeka. Tezi kubwa hutoa PSA nyingi, basi. Tukakubaliana kinyama kisubiri, damu nipime kila baada ya miezi sita.

Usichukue hadithi yangu ukaifanya ruhusa ya kukimbia kinyama. Kama baba au kaka yako aliugua, au una asili ya Afrika, hatari yako iko juu kuliko ya wengine, na daktari akikuambia kinahitajika, nenda. Rafiki yangu mmoja alikwenda, wakamkuta na saratani ya Gleason 6 (Gleason ni alama ya ukali wa saratani), ile ya kwenda polepole. Mwaka wa nne huu anafuatiliwa tu, hajakatwa wala kuchomwa mionzi. Nilikuwa nadhani ukikutwa nayo ni kisu moja kwa moja.

Na ukiwa unameza finasteride, dawa ya tezi iliyotanuka inayosumbua mkojo, mwambie daktari kabla hajasoma majibu. Ukiitumia kwa miezi kadhaa dawa hiyo huishusha PSA karibu nusu, kwa hiyo 3 yako inaweza kuwa 6 ya mwenzako. Maabara haitalijua hilo, na kinyota hakitatokea.

Damu nyingine natoa mwezi ujao. Karatasi zote ziko kwenye bahasha moja, anaitunza mke wangu. Baiskeli nitaiacha siku tatu kabla.