Lori la dizeli linapogoma alfajiri ya kipupwe

SWALI: Nabeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, kwenda Dar es Salaam. Tangu Juni, lori likilala nje linagoma alfajiri: stata inazunguka, injini haishiki. Utingo wangu hupulizia petroli kwenye filta ya hewa au huweka makaa chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Wengine wanasema dizeli imeganda. Tufanyeje?
Dereva, Kibaigwa

JIBU: Ndugu dereva, petroli na makaa acheni leo. Sampu iliyolowa oili haihitaji zaidi ya cheche moja kuwaka. Petroli nayo huwaka pistoni ikiwa bado inapanda, ikavunja ringi au kupinda konrodi (mkono wa pistoni). Kama injini ina hita ya hewa, mvuke unaweza kulipukia usoni kwa huyo anayepulizia.

Dizeli haijaganda. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, na hiyo haitoshi kuigandisha. Baridi ya kwetu huumbua ubovu uliokuwepo tayari. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Injini ikizunguka kivivu, joto hilo huishia kwenye kuta za chuma baridi.

Mwambie utingo atazame ekzosi wakati unapiga stata. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiwaki: kagua betri, hita, nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda), mwisho kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Kwa lori linalogoma baada ya kulala tu, hapo mimi huanza na hewa: mpira wa dizeli uliochoka au washa (pete ya kuziba) ya filta hupitisha hewa, na dizeli hurudi tangini usiku kucha. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, kaza ikiwa bado inatoka, kisha endelea kupiga hadi pampu iwe ngumu. Tiba yenyewe ni kubadilisha huo mpira au washa. Kama injini ni ya komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), usiguse mabomba ya nozeli; presha yake hupita bar 1,000 na dizeli hupenya ngozi.

Betri zako mbili za volti 12 zimeungwa kutoa 24. Pima kila moja asubuhi kabla ya kuwasha: ikiwa chini ya 12.4, haijajaa. Wakati wa stata, zote mbili pamoja zisishuke chini ya 19. Safisha vichwa vyake na waya wa bodi (unaounganisha betri na chasi) pia, maana huo husahaulika sana.

Kuwasha: handibreki, gia fri, kanyaga klachi, fungua swichi usubiri taa ya hita izime. Stata sekunde 15, pumzisha dakika mbili. Ikishindikana mara tatu, acha utafute ubovu, usije ukaunguza stata. Ikiwaka, usikanyage mafuta kwa nguvu. Turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) bado haijapata oili. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini.

SWALI: Je, tukilisukuma?

JIBU: Hapana. Breki za upepo zikikosa presha hufunga magurudumu ya nyuma, na zikifunguliwa kwa nguvu mtakuwa na lori lenye mzigo, usukani mgumu, bila breki. Azima betri za volti 24 kwa nyaya nene. Hata likiwaka, msiondoke hadi mlio wa presha ya breki ukate.