Kwa mdogo wangu unayekwenda kufanya biashara Lagos: kabila, mali na ulimi wako

Nakuandikia wewe uliyepata kazi ya mauzo Lagos, au unayetaka kufungua njia ya mzigo kutoka huko. Mimi nilifika mwanzoni mwa 2019 na kukaa karibu miaka mitano, nikisimamia wauzaji wa jumla wa sabuni na vipodozi. Habari za foleni, joto na umeme utazipata kwa kila mtu. Mimi nataka kukueleza jambo ambalo wenyeji huliongea kwa sauti ya chini: nani ana mali, ni wa kabila gani, na ameipataje. Lijue jambo hilo kwa undani, ila ulizungumze kidogo sana.

Kosa langu kubwa nililifanya wiki ya tatu. Nilikuwa soko la Trade Fair, kando ya barabara ya Badagry, nikitambulishwa kwa wateja. Mzee mmoja wa Kiigbo aliposikia natoka Tanzania alisimama, akaita majirani, akasema "Nyerere!" kama anayemwita ndugu yake. Ikaletwa sahani ya kola, ile mbegu chungu ya kutafuna wanayomkaribishia mgeni, akaiombea kwa Kiigbo (wao husema kola haisikii lugha nyingine), tukagawana. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Biafra, eneo la mashariki la Waigbo lililojitenga na Nigeria, kabla ya Gabon, Ivory Coast na Zambia. Kwangu ule ulikuwa mstari mmoja wa somo la historia. Kwa yule mzee ilikuwa siku aliyoisikia redioni akiwa kijana mwenye njaa.

Nilirudi ofisini nimejaa furaha na kuwasimulia wote, tena nikaongeza kwamba Mwalimu aliona mbali. Mwenzetu mmoja, Myoruba, mtaratibu kuliko wote, alifunga kompyuta yake na kutoka. Baba yake mdogo alikuwa askari wa serikali ya shirikisho na hakurudi kutoka vita ile. Miezi miwili taarifa nilizozihitaji kutoka kwake zilifika zimechelewa, na sikuwa na haki ya kulalamika. Meneja wetu aliniita akaniambia, "Vita vile kwenu ni kitabu. Hapa ni misiba ya nyumbani."

Basi anzia hapo. Kabla ya kuuliza kwa nini duka hili ni la fulani, jua kilichowapata. Mwaka 1966 Waigbo wengi waliuawa kaskazini mwa Nigeria, waliobaki wakakimbilia mashariki. Vita vilianza Julai 1967 na kwisha Januari 1970. Jenerali Gowon, mkuu wa nchi, alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, lakini waliokuwa na akiba benki walirudishiwa paundi 20, hata kama waliacha maelfu. Kisha mwaka 1972 ikaja amri ya kuhamishia hisa za makampuni ya kigeni kwa Wanigeria. Piga hesabu mwenyewe: mtu aliyetoka vitani na paundi 20 angenunua hisa gani? Ndiyo maana utawakuta wazee wa Kiigbo wakizungumzia 1972 kwa uchungu kuliko hata mabomu.

Waliobaki bila mtaji walishika njia ambayo ilikuwepo tangu zamani, yaani kulea vijana wa biashara. Huitwa igba boi, na wengine husema imu ahia, kujifunza soko. Mzazi anamkabidhi mwanawe kwa tajiri, oga. Kijana analala kwa oga, anakula kwake, anabeba mizigo, anafungua na kufunga duka, hapokei mshahara. Baada ya miaka mitano, sita, hata minane, oga anamfungulia: anampa fedha, mzigo, mara nyingi na kodi ya duka, pia anamtambulisha kwa waagizaji. Aliyefunguliwa naye huchukua vijana wake. Vipuri vya magari pale Ladipo na vifaa vya umeme pale Alaba vimejengwa hivyo kwa sehemu kubwa.

Mimi nilipofika niliwaona vijana wale nikadhani ni wabeba mizigo tu. Nilikuwa nampita kijana mlangoni bila salamu ili nimwone oga. Usifanye hivyo. Jua jina lake, muulize habari za kwao, mweleze bidhaa kama unavyomweleza tajiri wake. Mwaka 2022 nilifungua daftari la wateja wangu wa Trade Fair nikakuta saba kati yao wametoka chini ya oga mmoja. Oga huyo akikasirika nawe, umekasirikiwa na maduka manane.

Usije ukaupamba utaratibu huo kupita kiasi. Nimemwona kijana aliyetumikia miaka sita akafukuzwa kwa tuhuma za wizi miezi michache kabla ya kufunguliwa, na majirani wengi waliamini kwamba oga alikuwa anakwepa deni lake. Yule kijana alikaa juu ya begi lake nje ya soko mpaka jioni. Mara nyingi hakuna mkataba wa maandishi, na mkataba ukiwepo, wa kuusimamia ni wazee wa kijijini kwao. Mimi sikuweza kumsaidia, na mpaka leo naona uchungu.

Sasa upande mwingine, maana ukisikiliza Trade Fair peke yake utarudi na nusu ya habari. Wayoruba watakuambia Lagos ni Eko, mji wenye oba, yaani mfalme, na ukoo wake, uliopigwa mizinga na Waingereza 1851 na kutwaliwa koloni 1861. Kuna kauli inayozungumzwa hovyo mjini, kwamba Lagos ni ardhi isiyo na mwenyewe. Usiitamke hata siku moja, hata kwa nia ya kusifu kwamba mji umepokea wote. Kwa mwenyeji, maneno hayo ni kama mgeni uliyemkaribisha aje akwambie nyumba uliyomlaza haina mwenyewe.

Tena si kweli kwamba Wayoruba wana ardhi na ofisi huku biashara wamewaachia wengine. Muulize mzee yeyote wa Ilesa, mji wa Wayoruba wa Kiijesha, habari za osomaalo. Hao walikuwa wachuuzi wa vitambaa wa Kiijesha, walitembea vijiji kwa vijiji wakitoa kitambaa kwa mali kauli. Siku ya kudai, mchuuzi alichuchumaa mlangoni kwa mdaiwa na kuapa hanyanyuki mpaka alipwe. Jina lao limetokana na kiapo hicho. Waijebu, Wayoruba wengine, nao wana sifa ya fedha tangu enzi za babu zao, na Mike Adenuga, mwenye kampuni ya simu ya Glo, ni wa huko. Wateja wangu walionilipa kwa wakati kuliko wote walikuwa akina mama wa Kiyoruba wa Idumota na Balogun, Alhaja (mama aliyehiji Maka) na Mama wa makamo, wanaojua bei ya kila katoni kwa kichwa na kukopeshana kwa ajo, ule mchezo ambao kwetu tunauita upatu. Wasalimie kwa kuinama au kupiga goti kidogo, hata kama ni ishara tu. Sisi tuliolelewa na shikamoo hatupaswi kushindwa na hilo.

Kaskazini nako usikusahau. Ukienda Mile 12, soko la nyanya, vitunguu na pilipili, utasikia Kihausa kila upande. Masikio yako ya Kiswahili yatafurahi kusikia lafiya, labari, albarka. Lakini angalia: ukitaja bei na Mhausa akakujibu "albarka", hajakubali. Amekataa kwa adabu, akiiombea bei yako baraka huku akingoja uongeze. Mimi nilisimama pale natabasamu nangoja kufungiwa mzigo. Na ukisikia mtu akisema kabila fulani ndilo lenye fedha zote Lagos, kumbuka kwamba kiwanda kikubwa kuliko vyote vya mji huo, kile cha kusafishia mafuta cha Lekki chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, ni cha Aliko Dangote, mtoto wa Kano, kitukuu cha Alhassan Dantata aliyetajirika kwa karanga na kola na kufariki 1955. Naye hakuanza na mikono mitupu. Alianza na mkopo wa mjomba wake. Kila mahali nilipochungulia chini ya mali nilikuta ukopeshaji wa aina fulani: oga, ajo, mjomba, mali kauli. Mali inayotoka katika damu ya kabila sikuiona.

Nalisema kwa msisitizo kwa sababu sisi wenyewe tuna ugonjwa huo. Kariakoo Mkinga akijenga ghorofa, watu husema ni dawa. Mchaga akifungua duka la tatu, husema ndivyo walivyozaliwa. Lagos nilikuta maneno yale yale, yamebadilishwa majina tu: yule katoa ndugu yake kafara, yule anapendelewa na serikali. Ukibeba maneno hayo kutoka duka moja kwenda jingine, umekwisha. Soko lina masikio, na mgeni hukumbukwa kwa alichosema.

Kuhusu kazi yenyewe, ofisi yetu ilikuwa na desturi ya kumpeleka muuzaji Mwigbo kwa Waigbo na Myoruba kwa Wayoruba. Nikaona ni busara. Baada ya mwaka na nusu madeni ya Trade Fair yalikuwa yametushinda, kwa sababu muuzaji wetu alikuwa anadaiwa huruma na watu wa mji wake. Kila mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao alimwomba muda zaidi. Nikambadilisha na dada Myoruba aliyekulia Ajegunle, mtaa wenye makabila yote, anayekiongea Kiigbo kama wenyewe. Wiki mbili za kwanza walimpima kwa matani makali. Mwezi wa tatu madeni yakaanza kuingia, kwa sababu alikuwa anawaelewa na hakuwa na shangazi wa kumpigia simu usiku. Tafuta watu wa namna hiyo, waliolelewa mitaa ya mchanganyiko. Lagos inao wengi kuliko wanasiasa wanavyotaka uamini.

Na kila soko lina milango miwili. Kuna chama cha wafanyabiashara wenyewe, na kuna uongozi wa kimila unaokwenda pamoja na siasa: iyaloja, mama wa soko, na babaloja. Mwaka 2019 pale Computer Village, Ikeja, soko la simu na kompyuta, kiongozi wa wanawake wa masoko wa jimbo alisimika iyaloja na babaloja, na wafanyabiashara wengi wakapinga wakisema wana vyama vyao tayari. Siku zile nilikuwa na mzigo wa matangazo unaotaka kibali. Nilipeleka barua mlango mmoja, mabango yangu yakang'olewa na wa mlango wa pili. Salimia kote, na usiseme nani mwenye haki.

Uchaguzi ndio wakati wa kufunga mdomo kabisa. Kabla ya uchaguzi wa ugavana wa 2015, Oba wa Lagos alizungumza mbele ya viongozi wa Waigbo kwamba wasiomchagua mgombea wake wataishia kwenye maji ya lagoon. Watu bado wanayakumbuka maneno hayo, pande zote. Mimi nilikuwepo 2023. Tarehe 25 Februari Peter Obi, Mwigbo, alishinda Lagos katika kura za urais, akimpita Bola Tinubu nyumbani kwake kwa kura zisizofika 10,000. Wiki tatu baadaye, tarehe 18 Machi, kwenye kura za ugavana, watu walizuiwa na kupigwa vituoni kwa kudhaniwa Waigbo. Gbadebo Rhodes-Vivour, mgombea wa chama cha Obi, ni Myoruba, lakini alisakamwa kwa sababu mama yake ni Mwigbo. Mfanyakazi wetu mmoja, Myoruba kwa baba na mama, alirudishwa njiani kwa sababu ya sura yake. Alikuja kazini Jumatatu akakaa muda mrefu bila kusema neno.

Kwa hiyo miezi miwili kabla ya kura punguza mali kauli, usipange kupeleka mzigo wiki ya uchaguzi, na usiruhusu mazungumzo ya wagombea kwenye kundi la simu la kazini. Ukiulizwa uko upande gani, sema wewe ni mgeni na unawaombea amani. Ni jibu la kweli.

Nilipokaribia kuondoka nilialikwa kwenye kufunguliwa kwa kijana mmoja niliyemfahamu tangu ana miaka kumi na saba, yule yule niliyekuwa nampita mlangoni mwaka wangu wa kwanza. Duka lilikuwa Ikotun. Oga wake alikuja na wazee wawili, akahesabu fedha mbele ya watu, akaombea kola kwa Kiigbo. Mwenye fremu alikuwa Alhaja wa Kiyoruba. Naye alinyanyua mikono akaomba kwa Kiyoruba, kirefu kuliko wote, kisha akapokea kodi ya miaka miwili na kuihesabu mara mbili. Kijana akanigeukia, akaagiza katoni kumi na mbili za sabuni kwa mali kauli ya siku thelathini. Nikaandika jina lake kwenye daftari. Alilipa siku ya kumi na tisa.