Seva pacha imewaka, mtandao hakuna

SWALI: Fundi, salamu. Nina seva mbili za modeli moja, zilifika siku moja. Ya kwanza inapiga kazi mwaka wa tatu sasa. Ya pili ilikuwa ya akiba, haijawahi kuwashwa. Juzi usiku niliizima ya kwanza, nikanakili diski yake nzima kwa dd (amri ya kunakili diski neno kwa neno), kopi nikaipachika kwenye ya pili. Imewaka vizuri, kwa kibodi naingia, ila mtandao hakuna kabisa. Kebo nimebadilisha mara mbili. Kama vifaa ni vilevile, tatizo liko wapi?

JIBU: Kebo haina kosa, iache. Na hongera kwa kuizima kwanza. Wengi huendesha dd huku hifadhidata inaandika, wakaambulia kopi isiyoeleweka ni ya saa ngapi.

Vifaa vyako ni vilevile kwa modeli tu. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na MAC yake, yaani anwani ya kadi yenyewe, tarakimu 12 (0 hadi 9 na a hadi f), na Linux yako huenda imeiandika ya kadi ya zamani mahali fulani ndani ya /etc, folda ya mipangilio. Kwenye mifumo ya zamani utaikuta katika /etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules: jina eth0 limeshikiliwa na kadi ya zamani, kadi mpya inapewa eth1, na mipangilio yako ya eth0 inabaki haina mwenyewe. Kwingine ni mstari wa HWADDR, au macaddress kwenye faili la netplan (mipangilio ya mtandao). Usibahatishe. Andika ip link kwenye seva ya zamani, chukua MAC yake, kisha kwenye pacha:

grep -ri "aa:bb:cc:11:22:33" /etc

Hiyo ni mfano, weka yako. Popote itakapojitokeza, badilisha iwe ya kadi mpya.

Ila kabla hujawasha upya, chomoa kebo kwanza. Mtandao ukifunguka utakuwa na mashine mbili zenye IP moja, na hapo ndipo mimi nilipoumbuka. Niliwasha pacha wangu usiku, nikapiga ping, ikajibu, nikaenda kulala. Asubuhi simu haziishi: faili nililohifadhi sasa hivi halipo, mara lipo, mara limepotea tena. Nusu siku nzima nikalaumu diski. Kumbe kompyuta nyingine zilikuwa zinazungumza na seva ya zamani, nyingine na pacha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ambayo kwa kawaida hupiga kelele ukifika kwenye mashine isiyo yenyewe, ilinyamaza kimya. Funguo zinazoitambulisha seva zilikuwa zilezile pande zote mbili. Nilizinakili kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo amua kwanza pacha huyu ni wa kazi gani. Akiwa wa kungoja tu siku seva ya kwanza ikifa, mwache na IP yake na funguo zake, ila seva hizi mbili zisiwe hewani kwa pamoja hata dakika moja. Akiwa wa kufanya kazi sambamba, badilisha jina na IP, futa funguo za zamani, /etc/ssh/ssh_host_*, kisha endesha ssh-keygen -A itengeneze mpya. Faili la /etc/machine-id, kitambulisho cha mashine, kama lipo, liache tupu (truncate -s 0) ili mfumo ujitengenezee jingine ukiwaka. Baadhi ya mifumo huomba IP kwa DHCP (huduma inayogawa IP) kwa kulitumia hilo. Pitia pia cron, ratiba ya kazi za kujiendesha, la sivyo barua pepe za kila usiku zitatoka mara mbili.

Fstab, orodha ya diski za kupandisha mfumo ukiwaka, usiiguse. UUID, vitambulisho vya diski, zimekuja pamoja na kopi, na ndiyo maana imewaka. Kwa sababu hiyohiyo usipachike diski zote mbili kwenye mashine moja: kama unatumia XFS (mfumo wa faili) itakataa kuipandisha ya pili, na LVM (inayogawa diski) italalamika kuona UUID zinajirudia.

Grep isipoleta kitu, niandikie tena uambatishe matokeo ya ip link ya seva zote mbili.