Wasomaji Wanauliza: Ngamiani kwa Miguu

Barua za safari hii zimekuja kwa maneno tofauti lakini karibu zote zinauliza jambo moja: mtu akifika Tanga ale wapi, mbali na hoteli? Tumezijibu kwa kubaki mtaa mmoja tu, Ngamiani, ng'ambo ya reli ukitokea katikati ya mji.

Shikamooni. Nitashuka Tanga Ijumaa usiku na Jumamosi nina siku nzima. Nataka kula anachokula mwenyeji, tena nikitembea kwa miguu. Naomba jina la mgahawa mmoja mzuri. (Msomaji, Moshi)

Marahaba. Jina la mgahawa hatukupi, kwa sababu Ngamiani huliwa kwa saa. Kona ile ile yenye karai la vitumbua saa 1 asubuhi utaikuta tupu saa 5, na saa 11 jioni utamkuta mama mwingine hapo hapo na viazi karai. Anayefika saa 4 akiulizia mahamri ya moto amechelewa, na anayetafuta mishikaki mchana amewahi mno. Wote wawili wataondoka wakisema Tanga hakuna chakula.

Basi la mkoani litakushusha Kange, nje ya mji. Chukua daladala au bajaji. Ukishafika Ngamiani huhitaji tena chombo. Barabara zake zina namba, zimenyooka na zinakatana, kwa hiyo ukiambiwa "Barabara ya 12, pembeni ya msikiti" unahesabu tu unapovuka. Uliza kwa namba na utajibiwa kwa namba.

Toka saa 12 na nusu asubuhi. Saa hiyo ni ya vitumbua, mahamri na mbaazi za nazi, supu na chai ya maziwa. Chukua vitumbua viwili, usichukue sita, maana mbele kuna mengine. Kitumbua angalia ukingo wake: uwe na wavu mwembamba uliokauka na kahawia kidogo, na katikati kibonyee kikirudi. Kikiwa kimeganda kama sponji kavu, kimelala au mchele haukusagwa laini.

Saa 4 hadi 6 zunguka sokoni bila kula. Tazama samaki, nazi zikikunwa, machungwa ya Muheza, pumzisha tumbo. Mchana kula sahani moja tu: wali wa nazi na samaki wa kupaka, au mchuzi wa papa mkavu ukiupata. Pilau na biriani tafuta Ijumaa baada ya swala, ndipo masufuria makubwa hupikwa. Kwa kuwa wewe unashuka usiku, hayo waachie wenyeji.

Kisha lala. Hili tunalisema kwa dhati, kwani joto la saa 8 huua hamu, na saa tamu kuliko zote bado hazijafika. Kuanzia alasiri mikaa huwashwa. Magharibi, karibu saa 12 na nusu, utakuta viazi karai vya manjano vikielea kwenye mafuta, katlesi, bajia, muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, na mishikaki. Viazi karai usivile bila chatine. Ile ya ukwaju ndiyo inayokata mafuta. Mshikaki uonje mmoja kwanza. Nyama ikiwa inasagika kama uji, ililala na papai bichi kupita kiasi. Saa moja au mbili zinatosha, ikilala usiku kucha imekwisha.

Funga siku kwa kahawa chungu inayomiminwa kutoka kwenye mdila hadi kikombe kidogo, na kipande cha kashata. Salimia barazani kabla ya kuagiza. Kaa ukinywa, usitembee na kikombe. Beba noti ndogo na sarafu, mtu anayeuza kitumbua asubuhi hana chenji ya elfu kumi.

Nitajuaje chakula cha barabarani ni salama? (Msomaji, Arusha)

Tazama foleni na tazama moto. Chakula kinachotoka kwenye mafuta kuja mkononi mwako hakina muda wa kuharibika. Cha kuogopa ni kilichopikwa asubuhi kikawekwa kwenye kabati la kioo hadi jioni, hasa chenye nazi, maana tui huchacha upesi kwenye joto la pwani. Ukisikia ukali kidogo ulimini kwenye mbaazi au mchuzi, acha, hata kama umeshalipa. Kachumbari na chatine chukua pale ambapo bakuli linafunikwa na kijiko hakiachwi ndani na kila mteja.

Dada yangu aliyeolewa Tanga hupika mahamri yakafura kama mpira, na mbaazi zake ni nzito na nyeupe. Yangu hubaki bapa, na tui langu hukatika likaelea mafuta. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Korogwe)

Dada, makosa ni mengi madogo, na kila moja lina dalili yake.

Mahamri kwanza. Unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 150, hamira kijiko kimoja cha chakula, iliki punje 12 zilizotwangwa, na tui zito la nazi kama nusu lita. Tui liwe vuguvugu. Likikuchoma kidole limeshaua hamira. Tia kidogo kidogo na usimalize lote kama unga umeshashikana. Kanda dakika 15 ukitazama saa, hadi donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Funika saa 1 na nusu. Kata madonge 8, sukuma kila moja hadi unene wa nusu sentimita, kata vipande vinne, yapumzishe dakika 20 chini ya kitambaa.

Kufura ni kazi ya mvuke ulionaswa ndani. Mafuta yakiwa ya baridi, ngozi hukauka kabla mvuke haujatosha, na hamri hunywa mafuta likabaki bapa. Tupa kipande kidogo cha donge: kikizama kisha kikapanda papo hapo, anza. Hamri likielea, lichotee mafuta ya moto juu kwa upawa. Hapo ndipo hufura. Likifura upande mmoja tu, hukulisukuma sawasawa. Likiungua nje na ndani bichi, umezidisha sukari au moto.

Mbaazi kavu nusu kilo, ziloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya hadi zibonyee kwa vidole viwili bila kusukuma. Usitie nyanya wala ndimu kabla hazijaiva, kwani ukali huzuia ganda kulainika. Zikikataa kuiva kabisa, usijilaumu: umeuziwa za mwaka juzi.

Nazi 2. Tui la kwanza kamua kwa kikombe kimoja cha maji na uliweke kando. La pili, jepesi, tia kwenye mbaazi pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na bizari kidogo sana (ukitaka nyeupe, iache kabisa). Zitokote taratibu dakika 15. Tui zito ndilo la mwisho, moto mdogo, mkono usiache kukoroga. Mara tu povu la kwanza linapopanda, epua. Wewe unalichemsha kwa nguvu, ndipo mafuta hujitenga na maji yake. Likishakatika halirudi, ingawa mbaazi bado zinalika.

Siku moja pweza wamejaa, wiki inayofuata hakuna. Wauzaji wanaficha ili wapandishe bei? (Msomaji, Muheza)

Hapana, ni bahari. Pweza huchokolewa kwenye miamba maji yakitoka sana, na hayo ni ya bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za bamvua pwani yetu hukauka karibu saa 4 au 5 asubuhi, pweza hufika mjini mchana na kwenye makaa jioni. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haitoki sana, mwamba haufunuki. Kwa hiyo panga safari kwa mwezi. Dagaa wana hesabu yao: huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi huwapunguza.

Ukimnunua pweza mbichi Deep Sea, soko la samaki la Tanga, ukampika mwenyewe, mchemshe kwa moto mdogo na maji kidogo, maana hutoa yake. Chumvi itie mwisho kabisa. Ya kwake hukolea maji yakipungua.

Ramadhani je? (Msomaji, Dar es Salaam)

Njoo, lakini mchana usitegemee barabara. Kuanzia alasiri ndipo mitaa hujaa futari: viazi vitamu na muhogo wa nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Nunua mapema, ule baada ya adhana kama wengine.

Mwanangu ana mzio wa karanga. Kashata ya nazi anaweza kula? (Msomaji, Pangani)

Ile ya kuuzwa, usimpe. Ya nazi na ya karanga mara nyingi humwagwa kwenye sinia moja na kukatwa kwa kisu kimoja. Mtengenezee nyumbani: nazi iliyokunwa vikombe 2, sukari kikombe 1, iliki, koroga motoni hadi iache sufuria, mimina na ukate ingali vuguvugu.