Kipimo cha kujithamini kwa Kiindonesia: tafsiri peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama kipimo cha kujithamini cha Rosenberg cha mwaka 1965, chenye kauli kumi ambazo mtu huzikubali au kuzikataa, ukishakitafsiri kwa Kiindonesia na mtu mwingine akakirudisha kwa Kiingereza, kinaweza kupewa moja kwa moja wanafunzi wa Yogyakarta, Indonesia. Nakusihi usifanye hivyo. Itazame kwanza kauli ya nane kati ya kumi, ile ya kutamani kujiheshimu zaidi: Rosenberg aliihesabu kuwa dalili ya kujithamini kidogo, lakini kijana aliyefunzwa kwamba unyenyekevu ni adabu anaweza kuikubali kwa moyo mweupe, na ukitumia neno "dihargai" utakuwa umehama kutoka kujithamini hadi kuthaminiwa na wengine, tofauti ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaisikia mara moja. Kaa na wanafunzi wachache, hasa waliokua wakisema Kijava nyumbani, uwaombe waeleze kwa maneno yao walivyoielewa kila kauli. Ndipo ukusanye majibu ya mamia ya watu na uchunguze kama kauli zinashikamana ilivyokusudiwa, kwa kuwa alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha jinsi majibu ya kauli yanavyokwenda pamoja) iliyo juu haithibitishi kwamba ulichopima ni kujithamini. Ukilazimika kuiondoa kauli ya nane, eleza sababu waziwazi katika ripoti yako.