Kidani na Kikuba: Asumini huchumwa saa kumi

Wapenzi wasomaji, Shaabani inakaribia na barua zenu zimejaa harusi. Nimesoma zote nikiwa uani kwangu hapa Ng'ambo, Unguja, miwani puani na sindano mkononi. Zilizobaki nitazijibu toleo lijalo, msininunie.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Dada yangu anaolewa mwezi ujao na tunataka wasichana 12 wa kumsindikiza wavae koja la asumini shingoni. Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yetu, tulichuma maua asubuhi, na usiku ulipofika yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Shemeji anasema tununue ya plastiki tuondokane na taabu. Rafiki yangu anasema asumini inaweza kumiminiwa rezini, ile gundi ya maji inayoganda kama kioo, ikakaa milele. Tushike lipi?
*Mdogo wa bibi harusi, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa lenu lilikuwa la saa tu. Asumini ni ua la usiku: tumba hufunguka jua likizama. Ukichuma asubuhi unaokota ua lililokesha jana, limechoka, halina nguvu ya kukesha tena.

Chumeni saa kumi alasiri. Chagueni tumba jeupe lililonenepa lakini bado limefumba mdomo. Lenye ukijani liacheni mtini, maana halitafunguka ng'o hata mkiliombea dua. Tumieni sindano ndefu nyembamba na uzi wa pamba, mpitishe kwenye kikonyo, si katikati ya ua, moja likielekea kulia na linalofuata kushoto. Hapo yakifunguka yatakaa duara kuzunguka uzi wala uzi hautaonekana. Koja langu la shingoni hula matumba 150 hadi 200, kwa hiyo wasichana 12 ni matumba elfu mbili na ushei. Mwasumini mmoja hautoshi. Anzeni leo kupita mtaani na kuwasalimia vizuri wenye miti, na siku yenyewe mwende na mabakuli na watoto wa kutosha.

Koja likishatungwa lilazeni juu ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, mlifunike kwa jani la mgomba, mliweke kivulini au sehemu ya chini ya friji. Msilinyunyizie maji, maana tone likituama juu ya petali huacha doa la kahawia. Saa moja na nusu usiku mvisheni kila msichana lake. Yatafunguka shingoni mwao, mbele za watu, na hapo ndipo mtajua kwa nini bibi zetu hawakuvaa kidani cha dhahabu peke yake.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa uani na ungo mapajani akifunga vikuba vya mtaa mzima. Aliweka mrehani, asumini, mawaridi, kilua kilipopatikana, na hakukubali kufunga bila mkadi. Alilichana jani la ua la mkadi likawa nyuzi, na nyuzi hizo hizo ndizo alizofungia. Ukimwuliza kwa nini asitumie uzi wa duka, hujibu, "Uzi wa duka wanuka nini?" Kikuba kilikwenda kwa wake za watu, kikabanwa kwa pini kifuani chini ya kanga. Sisi wasichana tulipewa koja, tukaambiwa tutulie. Kwa hiyo mmechagua sawasawa: wasindikizaji wavae koja, na kikuba kiwe cha dada yenu.

Plastiki siizungumzi. Koja lisilo na harufu ni kamba yenye vitu vyeupe.

Hiyo rezini nimeijaribu mwenyewe. Nilichukua asumini mbichi, nikaitia ndani ya vifuniko vya chupa, nikamimina, nikasubiri siku tatu. Nikapata herini mbili, kila moja ina kitu mfano wa mende aliyekufa katikati. Petali ya asumini ina maji mengi. Yakifungiwa humo hayana pa kwenda, ua linaungua rangi na rezini inafanya ukungu. Hata ukiikausha kwanza inakuwa kahawia, ndivyo ilivyoumbwa. Mkitaka kumbukumbu ya kudumu, chukueni bogenvilia. Lile tunaloliita ua lake ni jani jembamba kama karatasi. Likibanwa kati ya magazeti wiki mbili tatu, chini ya kitabu kizito, hubaki na wekundu wake. Lililokauka kabisa ndilo la kumiminia rezini. Fanyeni kazi hiyo nje penye upepo, na glavu mikononi.

SWALI: Bi mkubwa, mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Vijana wananiletea leso, yaani kanga, niwashonee makoti na magauni, na wote wanataka jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lionekane. Kila nikikata, jina linakatika. Nitafanyaje?
*Fundi wa Mombasa*

JIBU: Fundi mwenzangu, ngoja nikupe aibu yangu kwanza. Miaka hiyo nilimshonea jirani gauni la kwendea harusi. Kanga ilikuwa na maneno haya: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikakata bila kufikiri. Nusu ya kwanza ikaingia ndani ya mshono wa ubavu, nusu ya pili ikatua pale panapokaliwa. Jirani yangu akaingia harusini akitangaza kwa nyuma TAMAA SIKATI, na aliyekuwa akitembea nyuma yake ni mama mkwe wake. Ile gauni ilirudi kwangu asubuhi yake, imefungwa fundo.

Tangu siku hiyo hukata kwa mpangilio huu. Kwanza naifua. Leso mpya ina wanga mwingi, ikifuliwa hulainika na huweza kurudi kidogo, na nyekundu na nyeusi zinaweza kutoa rangi. Heri ufanye hivyo wewe kabla mteja hajafanya. Kisha natandaza pea nzima sakafuni. Kabla ya kifua wala mkono, natafuta jina lilipo na kuamua litakaa wapi mwilini. Kwa koti nalipenda mgongoni, kutoka bega hadi bega. Kwa gauni, chini kabisa juu ya upindo, lizunguke miguu. Sehemu hiyo naikata kwanza, nzima, na nafasi ya vidole vitatu kila upande. Mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, unatoa kifua na mikono. Pindo, ule urembo wa pembeni unaozunguka mji, inakwenda kwenye kingo za mbele na vikofi vya mikono, ambapo inakaa kama imetengenezewa hapo. Pea ina jina mara mbili, kwa hiyo ukiharibu moja Mungu amekuachia la pili.

Angalia pia maua yenyewe. Korosho lina kichwa na mkia, nanasi lina taji. Ukigeuza kitambaa ili kubana matumizi, mteja wako atatembea na mananasi yanayoning'inia kichwa chini. Watu wengi hawataona, lakini mama zetu wataona.

Na usimwogope anayesema leso haikatwi. Neno lenyewe linatokana na *lenço* la Kireno, kitambaa cha mkono, na inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua vitambaa hivyo na kuviunganisha vipande kwa vipande hadi wakapata nguo ya kujifunga. Ilianza na sindano hiyo. Ninachokuomba ni kimoja: msomee mteja jina kwa sauti kabla ya kushika mkasi. Kuna siku binti aliniletea USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO nimshonee gauni la kwendea harusi ya rafiki yake. Nilimsomea, akakaa kimya, akaenda kubadilisha.

SWALI: Assalaam aleikum Shangazi. Nimezaliwa Muscat, wazee wangu walitoka Unguja na nyumbani tunasema Kiswahili. Najifunza kushona kofia ya mkono ya mwanangu wa miaka saba. Nimechoka na nyota na pembe za siku zote, nataka nakshi ya karafuu. Wenzangu wananicheka, wanasema kumma ni ya Oman na kofia ni ya Zanzibar, nisichanganye.
*Mama wa mtoto mmoja, Muscat*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Waache wacheke. Vile vitundu vya kofia, vinavyotobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi ili kichwa kipate hewa, vinatobolewa vivyo hivyo pande zote mbili za bahari. Watu walikwenda na kurudi, na kofia zilikuwa vichwani mwao. Na mkarafuu unaoutaka kama alama ya kwenu wenyewe ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na ulienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, zama za Seyyid Said aliyetoka huko huko uliko. Ukiweka karafuu kwenye kumma hujachanganya kitu ambacho hakikuchanganyika zamani.

Sasa kazi. Tia karafuu kavu nzima kiganjani uitazame kabla ya kuchora. Ina kikonyo, ina kichwa cha mviringo, na vijino vinne vinavyoshika kichwa hicho. Wengi huchora msumari wakadhani ni karafuu. Tofauti ni vile vijino, kwa hiyo vipe nafasi. Chora karafuu moja kwenye karatasi, urefu usiozidi sentimita 4, kisha toboa vitundu kwenye mstari wa nje tu. Ndani acha kitambaa kitupu. Ukijaza kote utapata chujio.

Pima kichwa cha mtoto. Tuseme ni sentimita 52: karafuu iliyolazwa ya sentimita 4 itaingia mara 13 bila kubaki. Kikibaki kipande, usiibane ya mwisho. Gawa upya zote zipungue kidogo kidogo, au uweke kitundu kimoja kimoja baina yao. Kwenye duara la juu weka nne, vichwa vikutane katikati, vikonyo vitoke nje kama njia panda. Na uzi uwe mweupe juu ya kitambaa cheupe. Najua madukani siku hizi kuna za kijani na zambarau, sina ugomvi nazo, ila nakshi ya mkono huonekana kwa kivuli cha vitundu, na rangi ikiingia macho huacha kuvitazama. Jaribu kwanza karafuu mbili tatu kwenye kipande cha bafta usichokihitaji. Usimwahidi mtoto siku. Kofia ya mkono huenda kwa wiki na miezi, na yeye kichwa kinakua.

Zikikubakia karafuu, jitengenezee kidani. Ziloweke usiku kucha, asubuhi sindano itapita kwenye kikonyo bila kuvunja. Changanya na shanga ndogo za kioo, tatu kwa moja, uanike kivulini. Kivae juu ya nguo, tena nguo ya rangi nzito, kwa sababu mafuta ya karafuu huacha alama kwenye nyeupe na huwasha ngozi ya shingo.

SWALI: Shangazi, nipo Mtwara, sina mtaji. Nataka kuokota magamba ya konokono wa baharini ufukweni nitengeneze mikufu. Inafaa?
*Kijana mtafutaji*

JIBU: Ufukweni ukiokota tupu, unamnyang'anya nyumba yule kaa anayeazima magamba. Ukiokota lenye mwenyewe, unaua. Huku Unguja wako kina mama wa Bweleo na Nyamanzi wanaotengeneza vito kwa magamba ya chaza na lulu nusu, na chaza huyo nyama yake ni kitoweo. Hilo naliheshimu. Lakini wewe una kitu kilichotupwa nyuma ya kila jiko la Mtwara, nacho ni kifuu. Chukua cha nazi iliyokomaa, maana cha dafu ni laini, kitapasuka. Kwangua makumbi yote, kata kwa bleidi ya msumeno wa chuma, vipande vidogo vya ukubwa wa shilingi, kwa sababu kikubwa kitakuwa na tumbo na hakitalala shingoni. Toboa tundu kabla ya kulainisha kingo, kikipasuka usiwe umepoteza kazi ya saa nzima. Piga msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, ukiwa na barakoa, vumbi lake ni baya. Malizia kwa tone la mafuta ya nazi na kitambaa. Kitang'aa kahawia nzito, na mtaji wako umekuwa msasa na bleidi.

SWALI: Bibi yangu ameniachia kitana cha gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini. Kizuri mno. Naweza kutengeneza kama hicho niuze?
*Mjukuu, Lamu*

JIBU: Pole kwa msiba. Hapana, mwanangu. Ng'amba yumo hatarini kutoweka na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umefunga biashara yake baina ya nchi na nchi. Kitana cha bibi kiweke, kipake mafuta mara moja moja, usikiuze. Ukitaka rangi ile ya asali yenye mawingu, nenda machinjioni ukaombe pembe za ng'ombe, uchague zilizo nyepesi. Zichemshe mpaka kiini kitoke, zikiwa bado za moto uzikate na kuzibana kati ya mbao mbili zinyooke, kisha chonga meno na upige msasa. Chemshia mbali na nyumba. Mie nilichemshia uani, na jirani yule yule wa gauni alinitumia mtoto kuuliza kama kuna maiti.